Mgongo Uliojua Kiswahili

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpima mgonjwa mmoja tu, na mgonjwa huyo nilikuwa mimi mwenyewe. Nilifika Arua nikiwa na shahada, viatu vipya na Kiswahili kilichopigwa pasi, nikiamini kwamba vyote vitatu vitadumu. Viatu ndivyo vilivyotangulia kuharibika.

Nilizaliwa Aroi, karibu na mji, lakini nilikulia Kenya alikofanya kazi baba yangu, na chuo kikuu nilisoma hukohuko. Niliporudi, miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Watu wengi wa kwetu waliokimbilia Zaire na Sudan baada ya vita vya sabini na tisa vilivyoiangusha serikali ya wanajeshi walikuwa wamesharejea, wengine wakiwa na mabati kichwani, wengine wakiwa na kichwa tu. Hospitali ya misheni ilitafuta mtaalamu wa tiba ya viungo. Nilikuwa mwombaji pekee, kwa hiyo nilishinda kwa kishindo.

Sista Msimamizi, mtawa mwembamba aliyetembea kana kwamba kila korido inateremka mlima, alinionyesha chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Kona moja palikuwa na kasha la mbao lililopigiliwa misumari.

"Hii ilikuja kabla yako," alisema. "Wafadhili huuliza inaendeleaje. Huwa nawajibu kwamba imetulia."

"Ni mashine ya kupima umeme wa misuli, Sista."

"Unaijua?"

"Naijua vizuri."

Maana yake ni kwamba nilikuwa nimeona picha yake kwenye kitabu, ukurasa wa kushoto, chini.

Kwa vijana watakaosoma haya, nieleze. Msuli unapofanya kazi hutoa umeme mdogo mno. Tunabandika visahani viwili vya fedha, vidogo kama vifungo vya shati, juu ya ngozi, mahali msuli ulipo. Cha tatu tunakibandika penye mfupa, pasipo na habari yoyote, ili mashine ijue kimya kinafananaje. Nyaya huupeleka umeme ule kwenye mashine, nayo huukuza na kuuchora kwa mstari wa kijani kwenye kioo. Msuli ukipumzika, mstari hulala. Ukikaza, mstari huota miiba. Mashine yetu ilikuwa na spika pia, na spika hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko kioo. Msuli uliokaza ulisikika kama mvua juu ya mabati. Msuli uliochoka ulinguruma kwa uzito zaidi, kama mvua hiyohiyo imepata mafua. Msuli uliopumzika haukusikika kabisa.

Basi siku ile nilijibandika visahani mkononi, nikalaza mkono mezani, nikawasha. Mashine ikanguruma. Nikalegeza vidole, ikanguruma. Nikafumba macho nikawaza mambo ya upole, ikanguruma vilevile. Nilifikiri nimegundua ugonjwa mpya. Nilishaanza kuutafutia jina, na jina langu lilikuwa ndani yake.

Sista alisimama mlangoni akasikiliza. "Upande wa pili wa ukuta huo kuna friji ya dawa," alisema. Akaenda akaizima kidogo, nami nikapona.

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza: mashine hii husikia kila kitu kilicho chumbani, si kile unachotaka isikie tu. Nililiandika akilini, kisha nikalisahau kwa miaka kadhaa.

Wagonjwa wa mwanzo walitoka Oli, kule pembezoni mwa mji mtoni, wafanyabiashara wadogo na wabeba mizigo. Tangu enzi za askari walikuwa na sababu zao za kutopenda mwanamume mwenye mashine na nyaya. Nakumbuka mama mmoja muuza samaki alivyovitazama visahani vile.

"Itanipiga shoti?"

"Hapana, mama. Wewe ndiye utakayeipiga."

Alicheka hadi mashine ikapiga kelele, na kuanzia hapo sikuhitaji maelezo mengine. Mzaha huo niliutumia kwa miaka yote ya kazi yangu, na sioni aibu.

Baadaye akaja Mratibu wa Mradi, mgeni kutoka ng'ambo aliyetumwa na wafadhili, mrefu, mpole, mwenye maswali mengi kuliko soksi. Yeye alitaka kujua jambo moja: kazi ya wastani inaifanyia nini migongo ya watu wanaoinama na kubeba maisha yao yote. Kazi ya wastani, kwa maelezo yetu, ni ile ambayo mtu anaweza kuifanya huku akiendelea kumsengenya jirani bila kukatika pumzi. Tulitengeneza kibago cha mbao cha kupanda na kushuka. Tuliifunga baiskeli kwenye fremu, gurudumu la nyuma likiwa hewani, na watu wakaendesha kwa bidii bila kufika popote. Waliokuwa wakipita dirishani walisimama kutazama. Mmoja alimwuliza mwenzake kama hiyo ndiyo adhabu ya kuiba baiskeli.

Shida ilikuwa umeme. Arua umeme ulikuja na kuondoka kwa hiari yake, na ulipokuwepo uliingia kwenye nyaya zetu na kuimba. Mratibu ndiye aliyesema twende Koboko. Koboko hapakuwa na umeme hata kidogo, kwa hiyo pakawa mahali bora kuliko pote pa kupimia umeme. Tulichukua chumba kimoja kwenye zahanati, tukaiendesha mashine kwa betri ya gari, na kwa mara ya kwanza nikaisikia misuli ya watu bila friji wala taa kuingilia mazungumzo.

Huko ndiko nilikosikia kimya.

Alikuwa mama mkulima kutoka Midia, karibu na mpaka. Nilimbandika visahani pande mbili za uti wa mgongo, nikamwomba ainame kama anavyopalilia karanga. Akaanza kuinama, mvua ikaanza. Akaendelea kushuka, mvua ikazidi. Akafika chini kabisa, mikono ikaelea juu ya sakafu, na mvua ikakatika. Mstari ukalala. Niliipiga mashine kofi.

"Imekufa?" akauliza mama, akiwa bado kichwa chini.

Nikaangalia nyaya, nikaangalia betri. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo nilipokumbuka nilichosoma chuoni na kukipuuza kwa sababu hakikutokea kwenye mtihani. Mtu mwenye mgongo mzima akiinama hadi mwisho, misuli ya mgongo huacha kazi. Mwili hubaki umening'inia kwenye kano za uti wa mgongo, kama shati kwenye kamba. Misuli hulala pale ambapo mtazamaji anafikiri inateseka zaidi. Mgongo ulioumia haukubali. Hujilinda, hubaki umekaza hata chini kabisa, kama mlinzi asiyeamini kwamba zamu yake imekwisha.

"Haijafa, mama," nikasema. "Mgongo wako ndio umepumzika."

"Usiambie bwana yangu," akajibu haraka. "Yeye nasema kila siku mimi iko nalala kwa shamba."

Kimya kile kikawa kipimo chetu. Mgongo ukinyamaza chini, ni mzima. Ukinguruma, kuna jambo. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo, na kama watu wengi wenye ufunguo, nikaanza kuona makufuli kila mahali.

Halafu Mratibu akagundua kitu cha ajabu. Wanawake wa Koboko walinyamaza vizuri. Wanaume wengi wa mjini Koboko hawakunyamaza. Hawakulalamika maumivu, walibeba mizigo, walicheza mpira, lakini chumbani kwetu migongo yao ilinguruma wakisimama, wakiinama, hata wakikaa. Mratibu alikuwa na nadharia kuhusu vitanda vya kamba. Mimi nilikuwa na nadharia kuhusu mihogo. Tulizijadili kwa uzito mkubwa.

Wakati tukiwa katikati ya nadharia hizo akaja Rajab.

Rajab alikuwa mpakiaji kwenye ghala la tumbaku pale Koboko. Kazi yake ilikuwa kubeba marobota na kuyapanga juu ya lori. Msimu uliotangulia aliteleza akaanguka kutoka juu, akalala kitandani muda mrefu, kisha akapona, au alisema amepona. Alitoka ukoo wa Wanubi, watu ambao mababu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan na ambao kwa vizazi vingi hawakurithishana mashamba. Walirithishana kazi. Bila ghala lile Rajab hakuwa na pa kwenda kuinama. Meneja wa ghala hakuwa mtu mbaya, lakini hakutaka mtu avunjike mgongo mbele ya macho yake mara ya pili. Alimwambia, hospitali ikisema mgongo ni mzima, urudi; isiposema, nafasi nampa mwingine. Msimu wa kununua tumbaku ulikuwa unakaribia kufunguliwa.

Alikuja amevaa shati safi lililofungwa hadi shingoni. Nilimwomba alivue, nikasafisha ngozi kwa spiriti, nikabandika visahani.

"Simama wima," nikamwambia.

Mvua ikaanza.

"Tulia."

Ikazidi.

"Legeza mabega, ndugu yangu. Legeza kabisa."

"Ndiyo, daktari!" akasema, kidevu juu, viganja vimebana mishono ya suruali. Spika ilitaka kupasuka.

"Sasa inama. Taratibu. Hadi chini."

Akainama kama mlango unaofunguliwa, kwa bawaba moja. Chini kabisa, mahali pa kimya, mashine ilinguruma kama masika.

"Unaumwa?"

"Hapana uma, daktari."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mgongo yangu iko sawa. Wewe andika tu iko sawa."

Nilitamani kuandika. Lakini nilikuwa nimeshaamini kwamba mtu anaweza kudanganya na msuli hauwezi, na kati ya wawili hao nilimwamini msuli.

Huko Arua, Daktari Mkuu aliutazama mchoro kwa muda. Huyu alikuwa mtu wa kusini mwa nchi, makini, mwenye mikono mikubwa iliyokunja karatasi kwa upole. Tuliongea Kiingereza kama kawaida yetu, kwa sababu Kiswahili hakukipenda na Kilugbara, lugha ya kwetu, hakukijua.

"Mgongo huu unajilinda," alisema.

"Yeye anasema haumwi, Daktari."

"Mtu anayetaka kazi husema haumwi. Ungekuwa wewe, ungemruhusu apande lori?"

Nikautazama mchoro tena.

"Kama ataanguka tena, sisi ndio tutakuwa tumemsukuma," akasema. "Safari ijayo ya Koboko nitakuja mwenyewe. Mpime tena mbele yangu. Kipimo kikiwa hivihivi, nitamwambia meneja achukue mtu mwingine."

Siku ya kliniki nilitangulia mimi na dereva, Daktari Mkuu akiwa nyuma kwa gari jingine, akipitia kituo kingine njiani. Rajab alishafika. Safari hii alikuja na mkewe, Mama Zubeda, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeuza karanga za kukaanga sokoni na ambaye alikuja na beseni lake kichwani kwa sababu, alisema, hospitali nayo ni soko, watu wanakaa wanangoja, wanasikia njaa. Alikaa nje ya mlango.

Niliamua kumpima Rajab kabla Daktari Mkuu hajafika, nijue mapema tunakwenda wapi. Nikabandika, nikawasha. "Simama." Mvua. "Legeza." Gharika. Aliniangalia usoni kutafuta jibu, nami nikawa ninachezea vitufe kama mtu mwenye shughuli.

"Iko mbaya?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado natazama."

Mama Zubeda naye alichoka kusubiri. Aliingia na beseni lake mkononi, akamwona mumewe amesimama kifua wazi, nyaya zikining'inia mgongoni kama mizizi, akaanza kumsemesha kwa Kinubi, haraka haraka, nadhani akimwuliza kwa nini anakaa kama mti wa bendera. Alipogeuka kunionyesha kwa beseni jinsi mumewe alivyosimama, beseni likagonga kona ya meza. Karanga zikamwagika chumba kizima.

Rajab aliguna, akainama kuziokota.

Mashine ikanyamaza.

Nilidhani waya umechomoka. Niliinama nyuma yake nikagusa visahani, kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa mahali pake. Rajab alikuwa chini, mikono sakafuni, akizoa karanga na kubishana na mkewe aliyekuwa anazoa upande wa pili, na mstari wa kijani ulikuwa umelala fofofo. Alipoinuka nusu kumwaga konzi ya karanga kwenye beseni, mvua ikanyesha kidogo, inavyostahili. Aliporudi chini, kimya.

"Rajab," nikaita. "Usisimame."

Kuisikia sauti yangu tu, mvua ikarudi.

Naomba msomaji anisamehe kwa furaha niliyokuwa nayo. Maisha ya mtu yalikuwa mezani, nami nilijisikia kama siku ile ya friji, ila sasa ugonjwa ulikuwa wa kweli na ulikuwa mdomoni mwangu.

"Mama Zubeda," nikasema, "nyumbani unasema naye lugha gani?"

"Kinubi."

"Na Kiswahili?"

Akamwangalia mumewe, akacheka. "Kiswahili natumia siku nataka yeye chimba choo."

Rajab alikaa kitako sakafuni, konzi ya karanga mkononi. "Si mimi, daktari," alisema, kama mtu anayejitetea. "Mimi hapana askari. Baba ndiyo alikuwa sajini. Sisi watoto wa kiume, asubuhi, mbele ya chai, nasimama mstari. Yeye nasema, mguu sawa! Nasema, simama! Mutu akitikisa, hapana chai."

"Na 'legeza'?"

"'Legeza' ni mtego," alisema Rajab kwa uzito. "Yeye nasema legeza, halafu natazama nani amelegeza."

Hapo nikaiona Koboko yote kwa macho mengine. Wanaume wangapi wa mji ule walilelewa kwenye laini za kambi za jeshi, ambako kila amri ilitolewa kwa Kiswahili? Na mimi nilikuwa nimekuja na Kiswahili changu cha kupigwa pasi, kila amri mahali pake, na kumwagiza kila mmoja asimame. Vitanda vya kamba havikuhusika. Mihogo pia, masikini, haikuwa na hatia. Tulikuwa tumekaa mwaka mzima tukiwapima baba zao.

Nikataka kuhakikisha. Nilimwomba Mama Zubeda amwambie kwa Kinubi asimame, akamwambia huku akipuliza vumbi kwenye karanga. Rajab akasimama, mguu mmoja umelegea, tumbo mbele, mgongo ukitiririka manyunyu madogo tu ya mtu anayengoja chai. Kisha nikasema mimi, taratibu, kwa upole wote nilionao, "Simama."

Gharika.

Tulicheka wote watatu. Halafu Rajab akaacha kucheka, akauliza, "Lakini Daktari Mkuu, yeye ataamini?"

Hilo ndilo nililokuwa najiuliza. Nikamweka Rajab nje, na Daktari Mkuu alipofika nikamweleza yote, upesi, kwa Kiingereza, karanga zikiwa bado zinapasuka chini ya viatu vyetu. Nilitazamia aseme kwamba nimepoteza akili. Alisikiliza akitazama ukutani.

"Unajua mimi nilijifunzia wapi Kiswahili?" akaniuliza.

"Sijui, Daktari."

"Kwenye vizuizi vya barabarani. Nikiwa mwanafunzi, nikirudi nyumbani kwa basi. Simama. Shuka. Lala chini." Maneno hayo aliyatamka kwa Kiswahili, na katika kuyatamka mabega yake yalipanda. Aliyaona yamepanda, akayashusha. "Mpaka leo mtu akinisalimia kwa Kiswahili, mkono wangu unatafuta kitambulisho. Mwite mtu wako. Wewe usiseme neno."

Rajab akaingia. Alipomwona Daktari Mkuu, na koti jeupe, na kalamu mfukoni, alikaza mwili mzima, bila amri ya mtu yeyote. Nikamrudishia nyaya mgongoni. Mashine ikanguruma. Daktari Mkuu akanitazama. Nami, niliyeambiwa nisiseme neno, nikamtazama Mama Zubeda aliyekuwa mlangoni na beseni lake, karanga zote zikiwa zimerudi ndani, zimepangwa na gilasi yake ya kupimia.

Alielewa. Nilimwona akiitazama bidhaa yake ya siku ile, safi, tayari kwa soko. Akavuta pumzi.

Akamwaga beseni zima.

Alilimwaga na kupiga yowe, na yowe lile lilikuwa la kweli. Rajab akageuka, akamfokea, akainama. Akaenda chini kabisa, akizoa kwa mikono miwili, akilalamika. Daktari Mkuu naye, bila kufikiri, alikuwa ameshapiga magoti, anazuia karanga zisiingie chini ya kabati. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki wima karibu na spika.

Hapakuwa na sauti. Nilisikia karanga zikidondoka kwenye beseni, na kuku huko nje.

Daktari Mkuu, akiwa bado magotini, akainua kichwa akasikiliza. Alisikiliza kwa muda. Kisha akasema, kwa Kiswahili, neno ambalo sikuwa nimewahi kumsikia akilitumia kwa lugha hiyo.

"Mzuri."

Rajab akarudi ghalani. Daktari Mkuu alimpa masharti: aanze na marobota ya chini, apande lori baadaye, aje tumwone mara kwa mara. Alikuja, na kila alipokuja alitumwa na mkewe kuniletea karanga, na kuuliza kwa niaba yake kama mashine ina njaa.

Sisi tulibadilisha njia yetu ya kazi. Matokeo yaliyotangulia ya wanaume wa Koboko, Mratibu aliyaweka kando kwa huzuni ya mtu anayezika nadharia aliyoilea. Tangu siku ile sikumwamuru mgonjwa yeyote akae vipi. Nilimwomba afanye jambo. Nitafutie kifuniko cha kalamu, kimeanguka chini ya kiti. Nishushie kile chandarua pale juu. Nishikie mtoto wa huyu mama. Mwili unaotafuta kifuniko cha kalamu husahau kwamba unatazamwa, na hapo ndipo husema ulichonacho. Vijana wa chuo waliokuja kujifunza kwangu walidhani mimi ni mtu anayepoteza vitu ovyo. Wengine wanadhani hivyo hadi leo.

Msuli hausemi uongo, bado naamini. Lakini hujibu swali lililoulizwa, na pengine aliyeuliza hakujua ameuliza nini. Nilipokwenda shule nilifundishwa kuliangalia jibu kwa makini. Swali tulichukulia kwamba liko salama, kwa sababu lilikuwa letu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mradi ulifungwa, nami nikafungwa pamoja nao, nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa bado wanapandishwa vyeo. Visahani vilikuwa vimechakaa na vipya havikupatikana. Tulikubaliana mashine ipumzike kwenye kasha lake lilelile, Arua, mahali Sista Msimamizi alipoweza kusema tena kwamba imetulia. Lori la ghala lilikuwa linatoka Koboko kwenda Arua na tumbaku, na Rajab, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa wapakiaji, alikuja kunisaidia kubeba.

Kabla ya kufunga kasha aliishika betri. "Iko na nguvu bado?"

"Kidogo."

"Basi sasa wewe."

Nilicheka, lakini alikuwa ameshachukua spiriti. Nikavua shati. Alinibandika visahani mahali penyewe, maana alikuwa amevibeba mgongoni mwake mara nyingi kuliko mtu yeyote. Akawasha.

"Inama, daktari. Polepole. Mpaka chini."

Nikainama. Mvua ikaanza, kama inavyopaswa. Nikafika chini, mikono ikining'inia, nikangoja kimya. Mvua haikukatika. Nikalegeza shingo, ikaendelea. Nikawaza mambo ya upole.

"Unawaza nini?" akauliza Rajab.

"Nangoja kimya."

"Ndiyo hiyo inanguruma."

Nilikuwa kichwa chini, naviona viatu vyake na sakafu ya zahanati ambayo sikuwa nimewahi kuitazama kwa karibu. Nilikuwa nimewapima watu kwa miaka yote ile na sikuwa nimewahi kuinama hivi mwenyewe. Nikamwona akiingiza mkono mfukoni.

Karanga zikadondoka, zikatawanyika hadi kwenye kuta.

"Mama Zubeda ametuma," akasema. "Okota. Ni zako."

Nikaanza kuokota. Nyingi zilikuwa zimeingia chini ya kibago cha mbao, nikazifuata huko, nikizipuliza vumbi, nikila moja, nikijiuliza zimekaangwa na chumvi au la. Sijui nilikaa huko kwa muda gani kabla sijagundua kwamba Rajab hasemi kitu, na mashine pia haisemi.